Kahawa ya Mlangoni

Ijuganyondo, Bukoba
Jumapili mchana

Koku mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa salamu, halafu unasema wewe ni mzima wa afya na hofu ni kwa yule unayemwandikia. Afya yangu unaijua, asubuhi hii umenipikia uji mwenyewe na nikaumaliza. Hofu ipo, lakini tuiache kwanza.

Umekwenda Kitendaguro kumuaga mama yako mdogo, na ninavyomjua Adelina, hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Mvua imeanza. Nimekaa hapa dukani, nimefungua ubao mmoja tu wa mlango, na tangu uondoke ameingia mteja mmoja akitaka vocha, na vocha zenyewe sina. Kwa hiyo nafasi ninayo. Kesho alfajiri unapanda basi la Dar es Salaam. Nikikusindikiza stendi nitaongea habari za begi na namba ya kiti, kama wanaume wote wa ukoo wetu, kisha nitarudi nyumbani na maneno yangu yote kinywani. Bora niyaandike. Habari za kula vizuri na kuchagua marafiki sitaziandika, mama yako mdogo atakuwa amezimaliza.

Alhamisi uliniuliza jambo, nikakujibu "tutaona." Ulikuwa umesimama mbele ya kabati na kikapu cha mama yako mkononi, kile kidogo chenye mfuniko uliochongoka, alichokuwa akikiita kaibo. Ulikuwa umekipangusa vumbi kwa upindo wa blauzi yako. Ukasema, "Baba, naomba niende nacho. Kitakaa mlangoni kwenye duka letu la kwanza, watu wakione." Nikasema tutaona, nikatoka nje kuangalia migomba ambayo haikuwa na haja ya kuangaliwa. Najua ulikasirika, maana usiku ule ulinitengea chakula bila kusema neno. Barua hii ndiyo jibu lako. Ila jibu liko mbali kidogo, itabidi univumilie.

Tuanze na lile duka lenyewe mnalolibuni kazini kwako. Uliponionyesha kwenye kompyuta yako nilinyamaza, ukadhani sikuelewa. Nilielewa. Duka halina muuzaji. Mtu anafika na simu yake, mlango unamtambua, anachukua sukari yake na sabuni yake, kamera za darini zinaona alichochukua, anatoka zake, na hela inakatwa hukohuko kwenye simu bila yeye kufungua mdomo. Halafu pale mlangoni, kabla ya maajabu yote hayo, mmeweka benchi la mbao, mizani ya mawe, kipande cha bati juu, na sauti ya mvua inayotoka kwenye spika. Mvua yenyewe ni ya hapa kwetu. Kumbe ile siku nilipokuona umesimama chini ya bati umeinua simu juu, nikadhani unatafuta mtandao, nikakuelekeza uende kule kwenye mibuni ndiko unakoshika, wewe ulikuwa unarekodi mvua yetu uipeleke Dar. Nilicheka peke yangu jioni nzima. Usiku niliposikia mvua tena sikuweza kucheka.

Na kwenye boksi la kioo, kikapu cha mama yako, na chini yake kimashine cha kumtolea kila mteja pakiti ya kahawa ya kutafuna. Ukaniambia, "Watu wa mjini wamechoka na mashine, Baba. Wanataka kujisikia wako nyumbani." Nikakuuliza, "Na nani atawaambia karibu?" Ukasema sauti imesharekodiwa, ni ya dada mmoja anayeongea vizuri sana. Sina ubishi kwamba anaongea vizuri.

Usidhani nakucheka. Wa kuchekwa ni mimi, kwa sababu niliingia kwenye jumba hilohilo kabla yako, ila nilipitia mlango wa nyuma. Wewe unakimbilia zamani, mimi nilikuwa nakimbilia kesho. Ulikuwa mdogo, unakumbuka mwisho wake tu. Nataka uujue mwanzo.

Duka la babu yako pale Muleba, karibu na soko, ndilo ulilolichora. Benchi ni lile, nimelitambua kwa mguu wake uliopinda. Lakini umelichora zuri kuliko lilivyokuwa, na hapo naomba nikusahihishe. Mizani ile unayotaka watu wapigie picha, baba yangu aliipimia kwa kidole. Aliweka kidole gumba pembeni ya sahani, kidogo tu, huku anakuuliza habari za watoto. Mimi nilisimama ubavuni mwake nikijifunza biashara, na hilo nililijua kabla sijajua kuandika vizuri. Mtoto aliyetumwa chumvi alisubiri mpaka walimu na makarani wahudumiwe kwanza. Na benchi, Koku, lilikuwa la wanaume. Mwanamke akija dukani alisimama, na kama miguu imemchosha aliketi chini mlangoni. Bibi yako mwenyewe sikuwahi kumwona amekaa pale, na duka lilikuwa la mume wake.

Aliyewaketisha wanawake kwenye benchi lile ni mama yako.

Nilimleta kutoka Kagondo, binti mwembamba mwenye maneno machache, na baba yangu alikuwa ameshaanza kuchoka, akatuachia duka. Wiki zile za mwanzo mama yako aliweka kikapu chake juu ya kaunta, kimejaa kahawa. Watu waliona ni vituko. Kahawa ile anapewa mgeni nyumbani, akishaingia, kabla hajasema kilichomleta. Nani aliwahi kuiona dukani? Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Mtu ametoka kule mlimani na jua hili, halafu nimuulize unataka nini kabla sijamkaribisha? Mimi sikulelewa hivyo." Ndiyo yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyowahi kuniambia mpaka siku ile.

Akawa anafanya hivi. Mtu akiingia, anainua kikapu kwa mikono yote miwili, anainama kidogo, anakifungua. Mtu anachukua punje zake, anapasua ganda kwa meno, anakaa. Haulizwi chochote mpaka ameanza kutafuna. Mwanamke wa kwanza kukaa alikuwa Ma Verdiana, mjane aliyekuwa akiuza maharage sokoni, mwenye ulimi ambao hata padri aliuogopa. Lakini siku ile alikaa pembeni kabisa, nusu ya mwili hewani, tayari kuinuka mwanaume akiingia. Akaingia kweli mzee mmoja wa baraza la kanisa, akasimama anamtazama. Mama yako akamwinulia kikapu na yeye, akamwambia kwa heshima, "Karibu, waitu, ukae. Nafasi ipo." Mzee akatazama kahawa, akamtazama Ma Verdiana, akakaa. Kuanzia hapo wanawake wakakaa.

Kwa hiyo hilo unaloliita benchi la zamani, kwa mama yako lilikuwa jambo jipya kuliko yote aliyowahi kuyafanya maishani mwake. Mimi sikuliona. Niliona benchi bovu lililopinda mguu.

Na wewe ukazaliwa, ukakulia chini ya kaunta ile. Unakumbuka ulivyokuwa ukililia kahawa? Unaona mama yako anampa kila anayeingia, hata asiyejulikana, na wewe unarukwa. Unanyoosha mkono na yeye anakusukuma taratibu, anasema, "Wewe si mgeni. Ya wageni hii." Ulikuwa unakuja kunishtakia. Nami nakupa pipi, na ugomvi umekwisha.

Baba yangu alipofariki nikaenda Mwanza kufuata bidhaa, na huko nikaingia kwenye duka ambalo mtu anachukua kitu mwenyewe. Nilizunguka mle ndani na kikapu cha plastiki mpaka mlinzi akaanza kunifuata. Taa nyeupe, vigae vinang'aa, bei zimebandikwa, hakuna kidole kwenye mizani, hakuna karani anayehudumiwa kwanza. Mwalimu na mchunga ng'ombe wanasimama kwenye foleni moja. Nikasema moyoni, hili ndilo duka. Na mpaka leo sijabadilisha mawazo, Koku, usije ukasema baba yako alizeeka akaanza kulilia koroboi. Lilikuwa duka la haki kuliko la baba yangu.

Nilirudi Muleba nimewaka. Unatujua sisi Wahaya, tukijenga choo tunataka kifanane na benki. Nikavunja kaunta. Nikaweka vigae vyeupe, rafu, kamera moja ambayo haikuwa imeunganishwa na kitu, na mashine ya risiti. Benchi nikawaambia mafundi walipasue kuni za kupikia chakula chao. Mama yako alitoka ndani akakuta miguu ya benchi imeshaingia motoni. Alisimama tu anaangalia sufuria.

Siku ya kufungua watu walijaa, na hakuna aliyenunua. Wazee walifika mlangoni wakaona vigae, wakavua ndala zao wakazipanga nje kama msikitini, wakaingia peku. Niliona jambo hilo linachekesha, nikawacheka mbele yao. Halafu walisimama katikati ya duka na mikono nyuma. Nikawaambia, "Chukueni mnachotaka, jihudumieni." Hawakugusa. Kwao, na kwa mama zao, na kwa bibi zao, kitu cha mtu hupewa. Kunyoosha mkono kwenye rafu ya mtu wakati mwenyewe amesimama pale anakuangalia ni wizi, hata kama utalipa baadaye. Ma Verdiana aliniuliza kwa sauti, duka zima likisikia, "Baba Koku, sasa ukishaacha kutupa vitu, kazi yako humu ni nini?"

Vijana walizoea upesi, ni kweli. Walipenda. Na wazee wangezoea pia, polepole, kama ningekuwa na subira na kama nisingefanya lile moja ninalotaka kukueleza.

Nilichukua kahawa ya mama yako nikaitia kwenye vipakiti, nikavibandika bei, nikavipanga rafuni karibu na biskuti.

Usinielewe vibaya. Kahawa ya kutafuna huuzwa, kwenye stendi ya Muleba inauzwa kila siku kwa wasafiri, na hakuna anayenung'unika. Msafiri ananunua kwa sababu anaondoka. Lakini watu hawa walikuwa wakipewa kahawa ileile, mlango uleule, na mwanamke yuleyule, na sasa mwanamke yuleyule anakaa nyuma ya mashine na kahawa ina bei. Nilikuwa nimewauzia ile "karibu" yao. Mgeni akija nyumbani kwako ukamwambia kiti hiki ni shilingi kadhaa, atakaa? Mimi, mtoto wa Kihaya, niliyezaliwa kwenye kibanja chenye mibuni mpaka mlangoni, nililifanya hilo na nikajiona mjanja wa biashara.

Mama yako alikaa kwenye mashine kama nilivyomwelekeza. Kikapu nilimwambia kinachafua mandhari. Basi akawa anafunga punje chache kwenye pindo la kanga, na mtu mzima akija kulipa, anafungua fundo chini ya meza na kumtilia kiganjani. Siku moja nikamwona akimpa Ma Verdiana. Duka lilikuwa na watu. Nikasema, na nilisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Koletha, hapa si sebuleni kwako."

Nimeshakosea mambo mengi, mwanangu, na mengine ni makubwa kuliko sentensi moja. Lakini hiyo ndiyo ninayoisikia. Mama yako alifunga fundo la kanga polepole, akabonyeza mashine, karatasi ikatoka imeandikwa asante. Ma Verdiana akaipokea, akaisoma, akaiweka juu ya meza. Akatoka, akavaa ndala zake mlangoni. Hakurudi dukani kwangu tena, na wanawake wa sokoni walimfuata mmoja mmoja, bila kelele, bila mkutano.

Mwisho wake unaujua. Duka lilikosa wateja, tukahama Muleba tukaja hapa, tukafungua hiki kiduka cha mbele ya nyumba. Mama yako hakuwahi kunilaumu. Ningependa angenilaumu. Alikiweka kikapu kabatini, na kwenye duka hili jipya hakukitoa, na mimi sikumwomba akitoe. Niliona haya. Nikasema moyoni nitamwambia siku moja, mambo yakitulia. Yalipotulia alikuwa ameshaanza kuumwa.

Wewe ulikuwa chuoni mwaka ule, kwa hiyo hili hukuliona. Siku moja, mama yako hawezi tena kuinuka, nikasikia hodi. Ni Ma Verdiana. Ametoka Muleba kwa basi, kazeeka, anatembelea fimbo, ulimi uko palepale. Hakunisalimu vizuri. Akaingia chumbani moja kwa moja, akakaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda. Mama yako akafungua macho, akamtambua, na kitu cha kwanza alichosema, kwa sauti ndogo ambayo ilibidi niinamie kuisikia, ni hiki: "Baba Koku, mpe mgeni kahawa."

Koku, nyumba haikuwa na kahawa. Nyumba ya mwanamke yule. Nilipekua jikoni, nikapekua stoo, nikapekua hadi kwenye magunia. Mwishowe, ndani ya boksi la mabaki ya duka la Muleba, nikapata vipakiti vyangu, bei bado imebandikwa. Nilisimama pale stoo nakwangua bei kwa kucha. Haikutoka yote, gundi ilibaki. Nikachana plastiki, nikaimimina kwenye kaibo, nikaenda nikamnyooshea Ma Verdiana kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa umeshika plastiki.

Alinitazama mkono. Akasema, "Mikono miwili, waitu."

Nikaitupa plastiki chini, nikakiinua kwa mikono miwili. Maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kukiinua kile kikapu. Akachukua punje mbili, akapasua, akatafuna kwa meno yake machache. Kahawa ilikuwa imeharibika kwa kukaa, nilijua. Akageuka kwa mama yako akamwambia, "Ameweza. Amechelewa, lakini ameweza." Na mama yako akacheka, ule mcheko wake wa puani. Ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia akicheka.

Tunao msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni alikuja. Mwenyeji hakupona. Ulifika siku ya pili yake, ukanikuta nimekaa nje kwenye jiwe, na tukalia pamoja, lakini habari hii sikukusimulia. Sasa nimekusimulia.

Turudi kwenye duka lako. Biashara itatembea, nina hakika, na siyo kwa sababu wewe ni mwanangu. Muleba nilishindwa kuuza kahawa ile kwa sababu niliwauzia waliobaki. Wewe unawauzia walioondoka. Mtu aliyeko Dar, asubuhi yuko kwenye foleni, jioni yuko kwenye foleni, akisikia mvua ya Bukoba juu ya bati atatoa simu bila kufikiri. Na sitasema unamdanganya. Anajua si nyumbani, anataka kukumbushwa tu, kama mimi ninavyofungua kabati wakati mwingine bila kutafuta kitu. Ila usije ukaamini wewe mwenyewe kwamba zamani ilikuwa nzuri hivyo. Kila ukiitazama mizani ile, kumbuka kidole cha babu yako. Na usije ukaamini kama nilivyoamini mimi, kwamba kila kipya kinadai kitu fulani kichomwe. Vigae havikuniomba nichome benchi. Vigae na benchi vingekaa chumba kimoja bila kugombana. Ni mimi niliyekuwa na haraka ya kuonekana.

Basi lenu kesho litapita Muleba. Jengo letu bado lipo, sasa wanauza simu. Nilipita mwezi uliopita nikachungulia. Vigae ni vilevile nilivyoviweka, na hakuna mtu anayevua ndala. Watu wanaingia, wanashika kila kitu, wanajaribu, wanatoka. Yaani kesho niliyoikimbilia ilikuja yenyewe kwa mguu, ikafika, ikakaa, na haikuhitaji mama yako anyamazishwe ndipo ifike. Nilisimama pale barabarani nikaumia kuliko siku tuliyohama.

Kitu kimoja tu naomba kuhusu kazi yako, na kama wakubwa zako wakikataa sitakulaumu. Pale mlangoni weka mtu. Hata mmoja. Asiuze, asipime, awe na kazi ya kuinua kikapu tu. Najua utasema mshahara, na utasema sauti ya yule dada. Lakini mwenye kuingia anajua anapotazamwa na jicho na anapotazamwa na kamera, na hata mzee wangu mimi, pamoja na kidole chake, alikuwa anamjua kila mteja kwa jina.

Sasa kikapu.

Vikapu utavipata. Adelina anavisuka mpaka leo, na mkono wake na wa mama yako ilifundishwa na mama mmoja. Mwambie akusukie kadiri unavyotaka, mlipe sawasawa na kazi yake, na mkiandika habari zake ukutani mwandike jina lake, msiandike "mwanamke wa kijijini." Hivyo vikae kwenye kioo. Kahawa nayo nitakutumia ya kibanja chetu, nikishaichemsha na kuianika kama nilivyoona mama yako akifanya, na ukiibandika bei sitasema neno.

Hiki cha mama yako sikupi.

Ulie kidogo ukitaka, halafu unisikilize. Siyo hasira, na siyo kwamba duka lako halistahili. Nilifikiri tangu Alhamisi. Nilitaka nikuambie chukua, maana sijui kukunyima kitu, na pipi zile za utotoni ni ushahidi. Mara mbili nilikuja hadi mlangoni kwako nikiwa nacho mkononi. Kisha nikakumbuka vijana wote wa mtaa huu waliopanda basi hilo. Wanarudi Krismasi na viatu vizuri. Wanakaa kwenye kiti cha mbele, kile cha wageni, bila hata kujua wamekichagua. Wanauliza maji ya kunywa ni yapi. Wanasema "kwenu huku mvua nyingi." Mama zao wanaingia jikoni wanafuta macho, wanasema ni moshi.

Hiyo ndiyo hofu niliyosema tuiache. Siogopi Dar, wala magari, wala wanaume, kichwa unacho. Ninaogopa kwamba utarudi mgeni, na mimi peke yangu ndani ya nyumba hii sitakuwa na kitu cha kukupokelea. Safari hii nikikutwa sina kahawa ndani, sitaweza.

Kwa hiyo kinabaki. Mama yako alikuruka miaka yote ile kwa sababu ulikuwa wa ndani. Siku utakayorudi nitakuinulia, na naomba usinikatalie, usiseme "Baba, mimi si mgeni," maana sote wawili tutajua. Chukua punje zako, pasua, ukae. Sitakuuliza kilichokuleta mpaka umeanza kutafuna.

Leo ulipotoka tu kwenda Kitendaguro nilikitoa kabatini nikasimama nacho hapa mlangoni, hakuna mtu, mvua tu, nikajaribu kukiinua kama mama yako. Mikono miwili nimeiweza. Kuinama bado, aliinama kidogo sana, na kila nikijaribu nahisi nimezidisha au nimepunguza. Nitaendelea kujifunza. Usikawie sana kurudi, lakini usiwahi mno pia, nisije kukupokea vibaya.

Nasikia sauti yako barabarani unamsalimia jirani. Naifunga barua, nitaitia kwenye mfuko wa nje wa begi lako, uikute basi likishapita Muleba.

Baba